Beseni la Kwamboka

Nimewahi kumwonea wivu mtu mmoja tu kwa moyo wangu wote, na Jumamosi iliyopita tulimzika Sotik. Wivu mwingine niliowahi kuwa nao, wa nyumba za watu na waume wa watu, ulikuwa wa kupita, unaingia asubuhi na kufikia jioni umechoka wenyewe. Huu wa Kwamboka ulikaa. Nilipofika mazishini nilisimama langoni nikahesabu mahema, nikapata manne, yamejaa mpaka watu wengine wamekaa kwenye nyasi na kwenye ukingo wa mtaro, na badala ya kulia nikajiuliza yangu yatakuwa mangapi. Walikuwepo vijana wa viti vya magurudumu, walikuwepo wasichana wawili wanaozungumza kwa ishara, alikuwepo mwanamume mzima aliyeikumbatia picha ya marehemu akakataa kumpa mtu yeyote aishike. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa Kwamboka, katika darasa lake dogo nyuma ya kanisa. Mimi nimefundisha watoto wa namna hiyo maisha yangu yote, nina vyeti vitatu ukutani, na sidhani yupo atakayeikumbatia picha yangu hivyo.

Binti yake, Nyaboke, ndiye aliyenipigia simu. Alinieleza kwamba kamati imegawa wasifu wa marehemu: familia itaandika utoto na ndoa, kanisa litaandika wokovu, na mimi nimepewa kipande cha kazi, ule mwaka wa kwanza, kwa sababu mwalimu mkuu wa wakati huo alishafariki na hakuna mwingine anayeujua. Mama yake, akasema, alizoea kuwaambia kwamba Madam Rael ndiye anayejua kuandika. Nilikaa mezani siku mbili nikitafuta aya moja. Niliyoisoma pale mbele ya watu ilikuwa fupi na nzuri, ilikuwa na maneno kama ushirikiano na kujitolea, na watu walipiga makofi. Haya ninayoandika sasa ndiyo niliyoyaacha nje ya aya ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na cheti changu cha kwanza cha elimu maalum kilikuwa hakijapata hata mkunjo. Shule iliyonipokea ilikuwa upande wa Sosiot, chai ya wakulima wadogo pande tatu, na upande wa nne malisho ya ng'ombe wa mwalimu mkuu. Yuniti, ndivyo walivyoliita darasa la chekechea la watoto wenye ulemavu, ilikuwa imepewa chumba kilichokuwa stoo ya kuni. Ukuta mmoja tulishiriki na jikoni, na ukuta huo haukufika kwenye mabati, kwa hiyo moshi ulipita juu ukatushukia, na pamoja nao ukapita kila neno lililosemwa na wapishi. Sakafu ilikuwa simiti iliyopasuka tuliyoitandika magunia. Dirisha lilikuwa na waya badala ya kioo. Tulinuka moshi, mimi na watoto wangu kumi na wawili, hata Jumapili kanisani. Kitu kipya mle ndani kilikuwa kimoja tu, kabati la chuma la kijivu, na ndani yake vifaa vya kuchezea vilivyoletwa na wageni wa kanisa kutoka ng'ambo: matofali ya plastiki ya rangi nne, pete za kupanga kwenye kijiti, vibao vya kupachika wanyama. Vyote vilikuwa bado ndani ya nailoni zake. Mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo siku ya kwanza akanionya kwamba vitu vile ni vya siku ya wageni, maana watoto hawa wangevimaliza kwa wiki moja. Sikuona ajabu yoyote. Huku kwetu kila nyumba ina kabati la kioo lenye vikombe visivyonywewa na wenye nyumba. Mgeni akija vinatoka, akiondoka vinaoshwa na kurudi. Nikautia ufunguo utepe nikauvaa shingoni, na nilipenda uzito wake.

Kwamboka alikuja wiki ya tatu kuwa msaidizi wangu. Alikuwa Mkisii, alitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako alichuma miaka minane mpaka mgongo ukakataa. Mwalimu mkuu alimchukua kwa sababu alikubali kuwaosha watoto na kuwabeba kwenda chooni, kazi ambayo wasaidizi wawili kabla yake waliikimbia. Alikuwa ameishia darasa la saba. Nayataja haya kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijikumbusha kila siku. Alikuwa mrefu, vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni, na alizungumza na watoto kwa sauti ya chini, kama anayeshauriana nao jambo la shamba. Siku ya pili aliniuliza mbona kabati limefungwa. Nikamweleza. Akasema sawa, madam, na kesho yake akaja na gunia.

Ndani ya gunia mlikuwa na magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda, mbegu za parachichi, mikebe ya rangi ya viatu, na kokoto alizookota mtoni akazisugua. Mimi nilikuwa nimepitisha likizo nzima nikichora chati za manila, tunda hili, mnyama yule, herufi kubwa zenye kivuli, nikazibandika ukutani mpaka hakuna tofali lililoonekana. Mwalimu mkuu alizisifu mbele ya wenzangu. Watoto waliziangalia kama wanavyoiangalia mvua, bila ubaya na bila haja. Kwamboka akamwaga vitu vyake kwenye gunia la sakafuni na baada ya nusu saa sikuwa na darasa. Kila mikebe miwili aliitia kitu kimoja, miwili kokoto, miwili maharagwe, miwili mchanga, akaifunga kwa kitambaa, na mtoto mmoja asiyeona akakaa nayo asubuhi nzima akiitikisa karibu na sikio, akitafuta pacha wa kila sauti. Alipompata pacha wa mchanga, ambao ndio mgumu kuliko wote, alicheka peke yake. Mtoto huyo nilikuwa nimemfundisha wiki tatu kwa chati. Ndiyo, mtoto asiyeona, kwa chati. Nilifikiri nikieleza vizuri atazielewa.

Nilijaribu kushindana naye, nisidanganye. Jumamosi moja nilikusanya vifuniko vya soda kwenye hoteli za sokoni Sosiot, nikavitoboa kwa msumari vipate kutungwa uzi kama vyake, nikavipeleka Jumatatu vikiwa vimepangwa kwa rangi kwenye sanduku la viatu, wakati vyake vilikuwa kwenye kopo lililobonyea. Sikujua kwamba vyake vyote alikuwa amevisugua tundu kwenye jiwe, kimoja kimoja, mpaka makali yakaisha. Kabla ya chai ya saa nne mtoto mmoja alikuwa amekatwa kidole na kifuniko changu. Mama yake alipokuja kumchukua aliuliza ni nini, na mimi nikasema ni hivi vifuniko vya Kwamboka. Kwamboka alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alinitazama, akaiweka ndoo chini, akamwomba yule mama msamaha. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira naye, si kwa kosa lolote, ila kwa kuomba msamaha vizuri kiasi kile.

Na chakula, jamani. Wazazi wa watoto wale hawakuwa na kitu, wengi walikuwa vibarua wa chai au wenye ng'ombe mmoja, lakini kila Ijumaa mmoja wao alifika na kitu chini ya leso. Kwamboka aliletewa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu chenye masizi mazuri, akaletewa parachichi, ndizi za kupika, mboga za sageti zilizochambuliwa tayari. Mimi niliulizwa maswali. Waliniuliza mtoto atapona lini, fomu inajazwa wapi, kisha wakageuka wakamkabidhi Kwamboka maziwa. Yeye alinigawia kila mara. Alinimiminia kwenye kikombe changu kwanza, akasukuma upande wangu lile parachichi kubwa, na nilikula kila kitu, na kila tonge lilinikera. Siku moja, tukiwa tumekaa kimya tukiwalisha watoto githeri, sauti ya mpishi ikapita juu ya ukuta pamoja na moshi. Alikuwa anamweleza mwenzake kuhusu yuniti. Yule wa cheti, alisema, anashika ufunguo, na yule mwingine anashika watoto. Wakacheka, si kwa chuki, wakaendelea na habari za bei ya kabichi. Kwamboka alijifanya hajasikia. Mimi niliendelea kumlisha mtoto niliyekuwa naye mpaka akageuza uso kwa kushiba na mimi bado naelekeza kijiko.

Mtoto aliyekuja kuwa kisa chote cha mwaka ule aliitwa Chepkoech. Alikuwa na miaka sita, hakuwa na maneno, na vidole vyake vilijikunja ndani ya viganja, laini, visivyo na nguvu. Mama yake alikuwa mchumaji wa chai, mtu wa Ndanai aliyekuja kutafuta kazi huku, na kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mtoto alikuwa amemzoesha kukaa mwisho wa mstari wa chai, juu ya gunia, tangu alipoweza kukaa. Yuniti ilikuwa na nafasi kumi na mbili na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Kila mwisho wa mwaka alikuja afisa wa tathmini kutoka Kericho kumwangalia kila mtoto. Aliyeonyesha kwamba anaweza kutumia mikono yake na kufuata maagizo mawili aliendelea. Asiyeonyesha alirudishwa nyumbani ili mwingine ajaribu bahati yake. Chepkoech alikuwa na mwaka mmoja, basi. Hilo tulilijua sisi watatu, mimi, Kwamboka na mama yake.

Nilimfanyia mazoezi ya kitabuni. Nilinyoosha vidole vyake kwa kuhesabu hadi kumi, nikavikunja, nikavinyoosha. Alilia kwa ustaarabu, machozi bila sauti. Kwamboka aliangalia wiki nzima, kisha akaniambia jambo ambalo nimewahi kulirudia kwenye semina mbili kama wazo langu. Alisema, "Madam, huyu ameangalia mama yake akichuma miaka sita. Mkono unajua. Ni vidole ndio havijaambiwa." Alichukua beseni la plastiki lililopasuka, akalifunika kwa waya wa kuku, akaomba sare kuukuu za kijani kwa wapishi na walimu, akazikata vipande vyembamba, na kila vipande vitatu akavifunga pamoja, majani mawili na chipukizi katikati. Akavipachika kwenye waya kwa namna ambayo ukivuta kwa kiganja kizima havitoki, lakini ukishika kwa ncha za vidole na kukunja kidogo, vinakuja. Lilionekana kweli kama kichaka cha chai kilichokatwa vizuri juu. Akasuka kikapu kidogo cha kufunga mgongoni. Kisha akakaa upande wa pili wa beseni na kikapu chake mwenyewe akaanza kuchuma, bila kumwambia mtoto chochote, akitupa juu ya bega bila kutazama kama wafanyavyo shambani.

Ilichukua tangu mvua za Aprili mpaka mahindi yakauke. Mimi nilikuwa na chati zangu upande mwingine wa chumba na nilikuwa najiambia kwamba ni mchezo tu. Alasiri moja Kwamboka aliniita. Aliniita kwa minong'ono, kwa sababu Chepkoech alishtushwa na kelele, akaniambia, "Madam, njoo uone." Nilikwenda. Chepkoech aliinama juu ya beseni ulimi ukiwa nje, akakipapasa kitambaa, kidole gumba kikakutana na kidole cha shahada, akakunja, kikatoka. Akautupa mkono nyuma ya bega na kitambaa kikaanguka sakafuni. Akachuma kingine. Cha tatu kiliingia kikapuni, naye akajua kimeingia, akageuka kumtafuta Kwamboka. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake kabisa, na aliniangalia akanipita, kama mtu anayetafuta mlango. Kwamboka alikuwa anapiga makofi bila sauti, viganja havigusani. Nilisema vizuri, nikarudi kwenye chati. Baada ya hapo nilimwona Chepkoech akila maharagwe ya githeri moja moja kwa vidole vyake, na nilimwona mara nyingi, na kila mara nilijisikia kama niliyeibiwa.

Afisa alitarajiwa wiki ya mwisho ya muhula wa tatu. Mnajua shule inavyopata wazimu mgeni akitajwa. Nyasi zilifyekwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, chai ya shule ikapogolewa upande unaoonekana barabarani, na mwalimu mkuu akapita darasa kwa darasa akisema uchafu wote ukusanywe uchomwe. Asubuhi yenyewe Kwamboka alikuwa amekwenda kumbeba Chepkoech, kwa sababu mama yake alikuwa zamu na hakuruhusiwa kutoka. Mzee wa bustani alikuja na toroli yake kwenye yuniti. Alichukua magunzi, akachukua mikebe, akachukua kopo la vifuniko. Akafika kwenye beseni. Ninaposimulia hili huwa natamani niseme kulikuwa na haraka, lakini hakukuwa na haraka. Alisimama akashika kiuno akaniuliza, "Na hii, madam?"

Nilisema, "Hata hiyo."

Kisha nikafungua kabati. Nilichana nailoni kwa meno kwa furaha, nakiri, nikayapanga yale matofali ya rangi nne kwenye mkeka mpya, na chumba kikapendeza kama picha ya kalenda. Kwamboka alipoingia na mtoto mgongoni alisimama mlangoni akavuta pumzi. Moshi mweusi wa plastiki ulikuwa unapanda nyuma ya choo. Aliniuliza beseni liko wapi, nikamjibu kwamba mwalimu mkuu alitaka yuniti iwe safi. Alimshusha Chepkoech, akamfuta kamasi, akamweka kwenye mkeka.

Afisa alikuwa mama mpole aliyechoka, alikuwa ametoka shule mbili kabla ya yetu. Tulimnywesha chai ofisini kwa vikombe vya wageni, na chapati na mayai, halafu akaja akakaa kwenye kiti kidogo mbele ya Chepkoech. Akamwonyesha tofali jekundu, akamwomba alishike. Tofali lilikuwa kubwa, lina utelezi, lina harufu ya dukani. Chepkoech hakuwa amewahi kugusa kitu kama hicho maisha yake yote. Kilikuwa hatua nne kutoka kwake mwaka mzima na ufunguo shingoni mwangu. Aliligusa likaanguka. Afisa akamrudishia, likaanguka. Chepkoech akaanza kuangalia sakafu huku na huku, akitafuta. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka lazima nisimame nifanye kazi ya mikono. Aliinama juu ya mkeka mtupu, akakutanisha vidole viwili, akautupa mkono nyuma ya bega. Akafanya tena. Afisa aliinua kalamu akaandika kwamba mkono wa mtoto unaruka wenyewe.

Kwamboka akamwomba watoke nje, kuna vichaka vya chai pale pale dirishani, amwone huyu mtoto kwenye chai. Afisa alitabasamu akamwambia kwa upole kwamba hakuja kuandika wachumaji kazi. Kisha akanigeukia mimi, kama ilivyo haki. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye darasa," akasema. "Umewahi kumwona akishika kitu kwa vidole?"

Nilimwona Kwamboka akinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia swali rahisi likiulizwa mtu anayejua jibu, na nadhani ni huo utulivu wake ulionimaliza. Nilijua nikisema ndiyo, afisa atauliza ni kwa njia gani, na jina litakaloandikwa litakuwa la mchumaji wa darasa la saba na beseni lake bovu.

"Sijawahi kuona," nikasema.

Karatasi ya afisa ilitoka wiki ile ile: mtoto arudishwe nyumbani. Mimi mwenyewe nilimsomea mama yake, kwenye benchi la nje, neno kwa neno. Aliniuliza mimi naonaje, na kwa kuwa nilishasema mara moja, mara ya pili ilikuwa rahisi. Aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Walirudi Ndanai kabla ya Krismasi. Siku ya kufunga shule, tukikunja magunia ya sakafuni, Kwamboka alizungumza nami kuhusu jambo lile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Aliacha kukunja. "Madam," akasema, "kama ni mimi unachukia, si ungechukia mimi. Huyu mtoto alikukosea nini?" Nikamwambia asinipandishie sauti, ingawa hakuwa ameipandisha. Januari hakurudi. Nikasikia yuko Sotik, nikasikia ameanza kukusanya watoto kwenye chumba cha kanisa, nikasikia wanamsifu. Kila niliposikia nilitafuta dosari nikaiweka akiba. Mimi nilipata yuniti ya pili, na ya tatu, na vyeti vingine, na nilijifunza kusugua vifuniko vya soda kwenye jiwe. Sijawahi kumwambia mtu nilikojifunzia.

Sasa nirudi mazishini. Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa chakula, wali na kabichi na nyama, na nilikuwa nimekaa pembeni ya hema la tatu nikisikia bado makofi ya aya yangu. Mwanamke mmoja akaja akaketi kando yangu. Alikuwa amevaa kanzu ya kikundi cha akina mama wa kanisa la Ndanai, mvi zimejaa chini ya kitambaa, na aliponishika mkono kwa mikono miwili nilimjua kabla hajajitaja. Alisema yeye ni Mama Chepkoech. Nikamuuliza Chepkoech hajambo. Alisema yupo, yuko nyumbani, amekuwa mtu mzima sasa, anakaa uani kwenye jua, na yeye mwenyewe anamwosha na kumlisha asubuhi na jioni kama kawaida. Kisha akasema alikuwa amenitafuta tangu asubuhi.

"Mwalimu, mimi nilitaka kushukuru wewe," akasema. "Huyu Kwamboka, Mungu amuweke pema, alikuwa anakuja kwangu Ndanai kila Jumamosi. Anatoka Sotik na mguu, anabeba ile vitambaa yake. Ananiambia, Mama Chepkoech, huyu anaweza, mjaribu tu pole pole. Miaka miwili. Mimi niliona ni roho mzuri, lakini yeye si mwalimu. Nikamwambia asikuje tena. Nikamwambia, mwalimu mwenyewe wa hiyo kazi aliniambia hajaona kitu, kwa nini mimi nisumbue mtoto bure? Wewe uliniambia ukweli. Wengine walikuwa wananifariji tu."

Mwaka ule mzima nilikuwa nimetamani mtu mmoja, mmoja tu, asikie neno langu na neno la Kwamboka, kisha achague langu. Nilikuwa nimempata miaka yote hii na sikujua. Alikuwa ameketi kando yangu na sahani ya wali magotini, bado amenishika mkono.

Nilimwambia. Sikupanga kumwambia, na sikusema vizuri, mimi ninayejua kuandika. Nilisema Chepkoech alikuwa anaweza, kwamba niliona kwa macho yangu mwenyewe, si mara moja. Hakuelewa, ikabidi nirudie polepole kwa Kipsigis. Aliniangalia mdomo kama anayehakikisha maneno yanatoka kwangu.

"Hata kujilisha?" akauliza.

"Hata kujilisha."

Aliutoa mkono wake kwenye wangu. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimeinamisha kichwa. Aliweka sahani chini ya kiti, akainuka, akapita katikati ya mahema mpaka kwenye udongo mbichi, akapiga magoti pale na kanzu yake nyeupe, akaanza kuzungumza na Kwamboka. Alizungumza muda mrefu. Wenzake wa Ndanai walimwita mara mbili kwamba gari linaondoka, naye hakugeuka. Mimi nilibaki nimekaa nikimtazama mgongo, nikitamani neno moja kati ya yale, hata la laana, lingekuwa langu.